Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kanuni ngeni na kazi yake ubaoni

Ndugu wanachama,

Katika chama chetu cha mafumbo ya sataranji (chess), mwaka huu ulikuwa wa panzi, kete ngeni, yaani isiyokuwamo kwenye mchezo wa kawaida. Mafumbo mengi yaliyoletwa kwenye shindano letu la utunzi yalimtumia yeye, na mjadala mkali kuliko yote tuliyofanya kwenye mikutano ulianzia kwake. Kwa hiyo nitamzungumzia kwa kirefu. Mambo ya hesabu na uanachama nitayagusa tu, kwa kuwa mweka hazina na katibu wana taarifa zao.

Kwa waliojiunga karibuni: panzi ni kete iliyobuniwa na Mwingereza Thomas Rayner Dawson mwaka 1913. Hupita kwenye mistari ileile ya malkia, ila hawezi kusogea bila kuruka. Lazima akute kete mbele yake, iwe ya kwake au ya adui, airuke, kisha atue kwenye mraba unaofuata papo hapo. Akikuta adui kwenye mraba huo, anamla. Asipopata wa kumruka, hana hatua.

Wekeni ubao mbele yenu; herufi ya kila mraba ni safu ya wima (a hadi h), na namba ni safu ya mlalo (1 hadi 8, kuanzia upande wa nyeupe). Mfalme mweusi yuko h8, kitunda chake kiko h7. Mfalme mweupe yuko f7, kitunda cheupe kiko g5, na panzi mweupe yuko c1. Nyeupe icheze na kumnasa mfalme kwa hatua moja. Panzi anapita kwenye mshazari, anakiruka kitunda cha g5 na kutua h6. Sasa anamtishia mfalme wa h8 kwa kukitumia kitunda cheusi cha h7 kama kizingiti. Kitunda hicho kingesogea, tisho lingekwisha, lakini panzi mwenyewe amekizibia njia. Miraba ya g7 na g8 inalindwa na mfalme mweupe. Nyeusi imekwisha.

Hapo h6, mwondoeni panzi mkaweke malkia. Kete yenye nguvu mara nyingi zaidi imeingia, lakini mfalme mweusi hatishiwi tena, maana kitunda cha h7 kimemkinga. Na kwa kuwa nyeusi haina hatua yoyote halali, mchezo ni sare. Na panzi naye akikaa h5 badala ya h6, kitunda kinasogea na mfalme anapona. Mraba mmoja tu ndio unaofaa, na kete moja tu ndiyo inayoweza kuifanya kazi hiyo.

Nimekaa hapo kwa makusudi. Baadhi ya mafumbo yaliyofika kwa waamuzi mwaka huu yalikuwa na panzi wanne, ngamia wawili (kete nyingine ngeni) na kanuni mbili ngeni juu yake, na suluhisho lake lingepatikana vilevile kwa ngome na askofu. Watungaji wake walilalamika kwamba hawakupewa tuzo ilhali wametumia vitu vingi. Mimi nasimama na waamuzi. Kete ngeni ni lazima ifanye jambo ambalo kete ya kawaida haiwezi, na jambo hilo lionekane kwenye hatua za suluhisho. Ikiweza kubadilishwa na nyingine bila fumbo kuharibika, haikuhitajika kuwapo.

Dawson mwenyewe alitunga maelfu ya mafumbo na kubuni kanuni nyingi, lakini katika kazi zake bora kila kete ina sababu ya kuwa pale ilipo. Mpanda farasi wa usiku, kete nyingine ngeni aliyoianzisha mwaka 1925, anafundisha jambo hilohilo. Anaruka kama farasi, kisha anaendelea kuruka upande uleule mradi miraba anayotua iwe wazi: kutoka a1 anafika b3, c5, hadi d7. Ukimtumia kwa mruko mmoja tu, umeweka farasi wa kawaida kwa jina refu. Mpe mstari mzima, mwekee kizuizi c5, kisha kiondoe. Hapo ndipo utaona uzuri wake.

Upande wa kanuni, tulisoma mbili kwa kina. Ya kwanza ni Circe, iliyotoka Ufaransa mwaka 1968. Kete ikiliwa, inazaliwa upya kwenye mraba wake wa kuanzia mchezo, mradi mraba huo uwe wazi. Ngome nyeusi ikiliwa kwenye mraba mweupe, inarudi a8. Ikiliwa kwenye mraba mweusi, inarudi h8. Mlaji hujikuta amemzalishia adui mlinzi mahali asipomtaka, na mtungaji mwerevu huufanya mrejeo huo kuwa kiini cha fumbo. Ya pili ni Madrasi, iliyobuniwa na Mhindi Abdul Jabbar Karwatkar mwaka 1979: kete ikitishiwa na kete ya adui ya aina yake, inapooza. Ngome mbili za rangi tofauti zikitazamana bila kizuizi, hakuna inayoweza kusogea wala kula. Mimi naipenda zaidi Madrasi. Inaeleweka kwa sentensi moja, na matokeo yake hayaishi.

Wapya wengi waliingilia kwenye mafumbo ya kusaidiana, ambamo nyeusi huanza na kushirikiana na nyeupe ili mfalme wake mwenyewe anaswe. Aina hii ni ya tangu Max Lange wa Ujerumani, mwaka 1854, na bado ndiyo mlango mzuri kuliko yote. Nawashauri walezi waendelee kuanzia hapo kabla ya kumkabidhi mtu panzi.

Sasa suala la ukaguzi. Waamuzi walipoteza muda mwingi kwa mafumbo yenye suluhisho la pili ambalo mtungaji hakuliona. Dawson hakuwa na kompyuta, sisi tunayo. Programu ya Popeye ni ya bure, inazijua kete na kanuni karibu zote tunazotumia, na inakagua hatua zote kwa uaminifu. Haiwezi kukwambia kama fumbo ni zuri, lakini itakwambia kama ni sahihi, na hilo ni haki ya mfumbuzi aliyekaa usiku kucha na ubao wako.

Kamati kwa hiyo imeamua mambo mawili kuhusu shindano lijalo. Kila fumbo litakuwa na aina moja tu ya kete ngeni au kanuni moja tu ngeni, si vyote viwili. Na kila fumbo litaletwa likiwa limekaguliwa na kompyuta. Likiwa refu mno kwa ukaguzi huo, mtungaji aeleze hivyo kwa maandishi. Najua uamuzi wa kwanza umewaudhi baadhi yenu. Ni wa shindano moja, na mkutano mkuu unaweza kuubatilisha.

Hesabu zimekaguliwa na ziko sawa. Ada haipandi. Nafasi ya mhariri wa jarida letu iko wazi, na tunahitaji mtu anayejua kuchora michoro ya ubao bila makosa, maana panzi huchorwa kama malkia aliyepinduliwa na ni rahisi kumgeuza kimakosa. Anayetaka kazi hiyo ampe katibu jina lake kabla ya mkutano mkuu, pamoja na mchoro mmoja wa mfano wenye panzi, mpanda farasi wa usiku na vitunda vya rangi zote mbili.

Mwenyekiti