Kabla hamjapika sufuria ya kwanza

Nairobi

Shoga yangu mpendwa,

Wasalimie wazee wote hapo nyumbani. Nimefurahi sana kusikia kwamba wewe na wenzako mmeamua kuwasaidia wale vijana wanaolala vibarazani Mwembe Tayari, hapo Mombasa. Wapikieni, maana mwenye njaa hasikilizi mipango. Ila nakuomba sana, sehemu ya mchango wenu iende kwenye vitambulisho.

Kijana aliyekulia barabarani akifika miaka 18 huambiwa alete cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Avitoe wapi? Bila kitambulisho hasajili laini ya simu, hafungui M-Pesa, na askari wakimkamata usiku hana cha kuwaonyesha. Kisha watu husema vijana hawa hawajui kuweka akiba. Waiweke wapi? Aliyebeba mizigo sokoni kutwa akapata shilingi 300, akilala nazo kibarazani ataamka hana pesa wala viatu. Ndiyo maana huzimaliza kabla usiku haujaingia.

Basi nendeni nao kwa chifu mmoja mmoja, pamoja na mzee wa mtaa anayewajua. Mtazungushwa, njoo leo, njoo kesho. Nauli, picha, na kibarua cha siku anachokikosa akiwa foleni, hapo ndipo pesa zenu zitakapohitajika.

Halafu chama cha kuweka akiba. Undugu Society, iliyoanzishwa hapa Nairobi mwaka 1973 na Padri Arnold Grol, imewasaidia vijana wa mitaani kuunda vikundi vyao wenyewe vya kuweka akiba. Naiamini njia hiyo kwa sababu vijana hawa tayari wanalala pamoja na kulindana, wana kiongozi wanayemsikiliza. Msiwavunje. Mwaka 2003 serikali iliunda mfuko wa familia za mitaani na vijana wengi wakapelekwa NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, kujifunza ufundi. Ufundi waliupata, lakini wapo waliorudi barabarani baadaye. Kijana anayetoka na cheti peke yake, hana chumba wala wenzake, atakwenda kwa nani?

Sensa ya 2018 ilihesabu watu 7,529 wa familia za mitaani Mombasa pekee. Hamtawafikia wote, na msijaribu. Anzeni na kumi wa kibaraza kimoja, na wasichana wenye watoto wachanga watangulie.

Mkishawapata, niambie nauli na picha zitagharimu kiasi gani. Za wawili nitalipa mimi.

Akupendaye,
Mwenzio wa Nairobi