Mama Neema, kuhusu simu ya kukunja ya mzee

Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka Umoja, sisi wote tuko salama, watoto wamefunga shule na nyumba ni kelele tu. Meseji yako juu ya simu ya mzee, vile ya tachi inamshinda kupokea, niliiona na nimeamua nikuandikie barua badala ya kukujibu vipande vipande, manake hii maneno nimeizungukia hapo Luthuli, kwa maduka ya simu ya Nairobi, mpaka wauzaji wengine wananisalimia, na nataka mzee apate simu itakayomkaa, si kitu cha kung'aa kidogo halafu inabaki ya wajukuu kuchezea.

Kwanza mwambie vidole vyake havina shida. Kioo cha tachi kinafanya kazi kwa kuhisi ule umeme mdogo wa ngozi ya mtu, sasa ngozi ikikauka na kuwa ngumu vile ya seremala inakuwa, miaka yote hiyo ya randa na msasa, kioo hakimshiki vizuri, ndo unamwona anasukuma ile kijani anasukuma mpaka aliyepiga anachoka anakata. Hapo hakuna cha kumfundisha. Anataka vitufe vya kubonyeza, vile kidole kinasikia vimeingia.

Na kwa simu za vitufe mimi nashikilia ya kukunja. Kabambe ya kawaida, ile ya vitufe isiyokunjwa, ni simu nzuri, tochi iko, chaji inakaa, bei iko chini, siwezi kuidharau. Lakini ya kukunja ukifungua umepokea, ukifunga umekata, basi, hakuna kutafuta kitufe chekundu bila miwani, hakuna kuiweka mezani ukidhani umekata kumbe laini bado iko wazi kredo inaisha. Vitufe viko ndani kwa hivyo ikikaa mfukoni pamoja na futi na misumari haijipigii watu. Halafu ikifunguliwa inakuwa ndefu, spika inakaa sikioni na maiki inafika karibu na mdomo, na kwa mtu ambaye masikio yameanza kupungua hiyo ni kitu kubwa sana.

Sasa ukitembea tao utaonyeshwa aina kama tatu hivi. Kuna zile za kizamani zilizofanyiwa ukarabati, hasa Motorola Razr V3, ile nyembamba ya chuma iliyotoka 2004. Enyewe ni simu nzuri, iliundwa na watu waliokuwa wanajali, na inashika netiwaki yetu ya 2G bila shida. Lakini nyingi unazopata leo bodi ni ya kubandika, betri ni ya zamani au ya kuiga, chaja yake ni ile ya mini-USB ambayo kuipata sasa ni kazi, na laini yake ni ile kubwa kwa hivyo laini ya mzee iliyokatwa ndogo itahitaji adapta. Kama kuna mtu anataka ukumbusho sawa, mzee hataki ukumbusho.

Kuna zile watu wanabeba kutoka Marekani. Hizo kaa mbali kabisa. Nyingi zimefungwa kwa kampuni moja ya huko, na zingine za zamani ni za CDMA, aina ya netiwaki isiyo kama yetu, hazina hata mahali pa kuweka laini, muuzaji atakuambia fundi atazifungua lakini fundi hawezi kufungua kitu ambacho hakiko.

Halafu kuna hizi mpya za majina usiyoyajua, za bei rahisi, zina maua na dhahabu. Nilishika kadhaa. Ukiifungua na kuitikisa kidogo kifuniko kinacheza.

Hapo kwa kifuniko ndo nataka usome polepole, manake ndo kunafanya simu ya kukunja iwe nzuri au mbaya. Mzee ataelewa kuliko sisi wawili, ametengeneza milango maisha yake yote. Simu nzuri ukiifungua inaenda yenyewe kuanzia katikati, ikifika mwisho inasimama imara haitetemeki, na pande zote mbili za bawaba zinaenda pamoja bila upande mmoja kuchelewa. Ukiifunga inalala sawa, hakuna nafasi ya kupitisha kucha. Lakini bawaba yenyewe si mara nyingi ndo inakufa. Ndani yake kunapita utepe mwembamba wa nyaya, mafundi wanauita fleksi, ndo unapeleka picha kwenye skrini na sauti kwenye spika ya juu, na kila ukifungua simu ule utepe unajikunja. Kama simu imetengenezwa haraka haraka utepe unabanwa mahali pamoja unakatika, unaona skrini imekuwa nyeupe au unasikia anayepiga anapotea potea. Fundi mmoja wa hapo Luthuli aliniambia za kukunja zikimfikia mara nyingi ni fleksi. Kwa hivyo pale dukani piga simu, zungumza na mtu, na ukiwa unaongea sogeza kifuniko mbele na nyuma kidogo bila kukifunga, sauti ikikatika hata mara moja rudisha hiyo simu. Na jaribu ukiwa nje barabarani ambako kuna mikokoteni na muziki wa maduka, ukisikia vizuri hapo, huko Voi mzee atasikia.

Ile iliyonipendeza ni Nokia 2660 Flip, ya 2022. Vitufe vyake ni vikubwa, maandishi yanasomeka bila kukaza macho, betri inatoka kwa hivyo ikichoka siku moja unanunua nyingine badala ya kutupa simu, inashika 4G, na imetengenezwa iende na vifaa vya kusikia vya masikioni, hata kama mzee bado hajafika huko. Kando iko na kitufe cha dharura, unaweka namba za watu wa karibu na akikibonyeza simu inawatafuta. Bodi ni plastiki lakini ni plastiki iliyoshikana. WhatsApp haina, na kwa mzee naona afadhali, picha za wajukuu ataonyeshwa kwa simu yako. Muuzaji mmoja alianza na elfu tisa akashuka kidogo, najua kuna za bei nusu ya hapo na kuna bajeti, lakini hapa usibane.

Na usikubali ukiambiwa 4G ni ya watu wa intaneti tu. Simu ya 4G ambayo inaweza kupiga kupitia hiyo hiyo 4G inaunganisha haraka na sauti inakuja safi zaidi. Hapa kwetu 2G bado iko na hata ya zamani inapiga, lakini Marekani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka wa 2022 na simu nyingi nzuri zikabaki bure tu. Mzee anaweka simu mpaka namba za vitufe zifutike, mnunulie ya kukaa.

M-Pesa najua ndo utauliza. Inaingia bila shida yoyote. Ile menyu iko ndani ya laini yenyewe, haihitaji intaneti wala programu, kumbuka M-Pesa ilianza 2007 na simu zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa za vitufe. Menyu ikikataa anabonyeza *334#. Kredo ikiisha anaweka # mbele ya namba yako ya Safaricom anapiga, unalipia wewe. Kitu simu haiwezi kumkinga ni zile meseji za matapeli za "ile pesa tuma kwa namba hii", hizo zitaingia tu, kaa naye umwambie pesa haitumwi mpaka ameongea na mtu kwa sauti yake, na PIN haambiwi mtu hata akisema anatoka kampuni.

Kabla ya kulipa bonyeza *#06#, namba itakayotokea, ile ya kutambulisha simu yenyewe, ilingane na ile ya kwenye boksi na ile iliyo chini ya betri. Si unakumbuka 2012 mwisho wa Septemba vile simu feki zilizimwa, mtu analala na simu anaamka na kisanduku tu. Chukua risiti yenye hiyo namba na waranti iandikwe, muuzaji akikataa kuandika mwachie simu yake.

Ukikubali hiyo Nokia nitainunua mimi, na nikishaichukua nitaiwekea kila kitu hapa nyumbani ili ikifika mzee afungue tu aongee. Setingi ya kupokea kwa kufungua nitaiangalia kwanza, wakati mwingine inakuja imezimwa. Kitufe cha 2 nitaweka wewe, 3 kaka yako, 4 yule mjomba wenu wa Mwatate, anashikilia tu kitufe inapiga. Mlio nitauweka juu pamoja na mtetemo. Kwa hivyo nitumie hizo namba tatu, na useme kama kitufe cha dharura kikupigie wewe kwanza au jirani yenu aliye karibu, mimi naona jirani kwanza manake wewe uko kazini mchana na yeye ndo anaweza kukimbia. Jamaa wa basi la Voi anaondoka Ijumaa asubuhi, ukinijibu kufikia Jumatano nitawahi. Hiyo simu iko nyeusi, ya bluu na nyekundu, muulize mzee mwenyewe, usimchagulie.

Msalimie mama pia, mwambie yale mahindi yalifika na yameliwa.

Wako,
Mama Baraka