Barua kwa mwanangu kuhusu roboti za molekuli

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza roboti isiyoonekana kwa macho itapokeaje amri, ilhali haina nafasi ya kompyuta wala betri. Swali lako limegusa kiini cha kazi hii, kwa hiyo sitalijibu kwa mkato.

Mota yenyewe, yaani kinachoisukuma roboti, hakuibuni mwanadamu. Hivi sasa, ndani ya seli zako, protini iitwayo kinesini inabeba mizigo juu ya mikrotubuli, yaani mirija myembamba yenye kipenyo cha takriban nanomita 25, na kila hatua yake ya nanomita 8 hutumia molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli. Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1985 katika neva za ngisi. Maabara huupindua mpangilio huo: kinesini hunatishwa juu ya kioo, ATP huongezwa, na mirija ndiyo inayosukumwa; hiyo ndiyo roboti zetu. Mwendo unapatikana, lakini kila mrija unashika njia yake.

Utaratibu unaletwa na DNA. Unajua kwamba katika herufi nne za DNA, A hushikana na T, na C na G. Mwaka 2018 watafiti wa Japani, akiwemo Akira Kakugo wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, walieleza jinsi walivyobandika nyuzi fupi za DNA kwenye mamilioni ya mirija. Walipoongeza uzi mwingine, ambao nusu yake inaoana na nyuzi za kundi moja la mirija na nusu ya pili na za kundi jingine, mirija iliyokutana ilishikana ikaanza kwenda pamoja. Mirija migumu ilisonga mbele kwa vikundi, na ile inayopindika kwa urahisi ikazunguka kwa duara. Kisha waliongeza uzi unaoungana kwa nguvu zaidi na ule wa kiungo, ukaung'oa, na mirija ikatawanyika. Hiyo ndiyo amri uliyoitafuta, mwanangu: imeandikwa katika mpangilio wa herufi za uzi, na anayeisoma ni molekuli yenyewe. Mimi naona jambo hili ni kubwa kuliko udogo wa roboti hizo.

Zipo pia nyuzi zilizotiwa azobenzini, molekuli inayobadili umbo kwa mwanga. Mwanga wa urujuanimno huziachanisha, na ule unaoonekana huziunganisha tena. Mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba kundi la mirija lililounganishwa hivyo hubeba mizigo mikubwa kuliko inavyoweza mrija mmoja.

Hata hivyo usidhani kesho tutazidunga mishipani. Zinatembea juu ya kioo, ndani ya kimiminika kilichoandaliwa, na ATP ikiisha zinasimama. Mwilini vimeng'enya hukatakata DNA isiyolindwa, kwa hiyo uzi wenye amri unaweza kuharibiwa kabla ya kufika. Ukisoma kemia, ningependa uanzie hapo.

Wako akupendaye,
Mama