Mahujaji wa Namugongo tunapangiwa kwenda tu, kurudi je?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimelisema kwenye jumuiya, nimelisema kwenye grupu la wasapu, na kote huko ninachojibiwa ni amina na vidole gumba, sasa nimeona bora niliandike walisome hata wasionijua.

Mwaka huu nilikuwa kwenye kundi lililotembea kutoka Arusha mpaka Namugongo, Uganda, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, tarehe 3 Juni. Kutembea kweli jamani, sio ile ya kushuka kwenye Noah karibu na geti ukapige picha. Namanga, Kajiado, Nairobi, Naivasha, Nakuru, Kericho, Kisumu, Busia, Iganga, Jinja, ukifuata barabara ilivyo ni zaidi ya kilomita 900. Mi ni mtu wa Moshi, hapa hapa Majengo, wenzangu wengi walikuwa wa Arusha, na safari ya kwenda sina neno nayo. Ilipangwa. Parokia za njiani zilijua tunakuja, tukifika tunakuta uji na sehemu ya kulala hata kama ni darasani juu ya mikeka, mzigo unabebwa na pikapu, na kulikuwa na mama mmoja mtu mzima ambae kazi yake kila jioni ilikuwa miguu yetu: anapasha sindano kwenye moto wa kibiriti, anapitisha uzi kwenye lengelenge, anauacha uzi humo humo maji yachuruzike usiku, asubuhi anafunga kitambaa unaondoka. Najua wauguzi watapiga kelele wakisoma hapa. Huyo mama mwenyewe katembea na katambuga mwanzo mwisho na hakupata hata lengelenge moja, sisi tuliokuja na raba mpya ndo tulikuwa wateja wake.

Tatizo linaanza mkishafika.

Tulifika siku mbili kabla ya sikukuu, kuna matope, watu mamia ya maelfu kutoka kila nchi, unaiona ile basilika yenye umbo la nyumba ya Kiganda na nguzo zake 22 za shaba, moja kwa kila shahidi Mkatoliki, na mtu mzima analia tu hajui analilia nini. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto pale pale tarehe 3 Juni 1886, Kizito akiwa kijana wa miaka kama 14. Ukiwa umetembea mpaka pale hizo habari hazibaki za kwenye katekisimu tena. Unataka ukae. Yaani unataka tu ukae chini mahali usisemeshwe.

Sasa misa imeisha, watu hawajatawanyika vizuri, wengine bado wako kwenye foleni ya kuchota maji ya pale wapeleke nyumbani, mratibu anapita na karatasi anasoma majina: basi linaondoka saa kumi na mbili jioni, asiyekuwepo atajitegemea. Wiki na wiki tumekuja kwa miguu, halafu saa chache baada ya misa tumepakiwa kwenye siti za watu watatu, vidumu vya maji miguuni, mabegi mapajani, usiku mzima na sehemu kubwa ya kesho yake. Mguu uliozoea kutembea kutwa ukiukunja hivyo unavimba. Yangu ilivimba mpaka viatu vikagoma, nikashuka mpakani peku. Dada mmoja alishushwa Namanga kwa kubebwa na vijana wawili, goti halikunjuki, na hapo hapo anaulizwa kadi ya homa ya manjano ambayo iko kwenye begi na begi liko chini ya mengine yote kwenye buti. Na tuelewe kwamba hapa sidai starehe. Kukaa masaa mengi bila kujinyoosha kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu, na kundi letu lilikuwa na wazee, wengine wana sukari na presha. Dereva akisimama ni dakika tano watu wachimbe dawa, twende.

Arusha tukafika usiku. Siku ya kuondoka kulikuwa na misa ya kutuaga, matarumbeta, kwaya, paroko katunyunyizia maji ya baraka mpaka tumelowa. Siku ya kurudi hakuna hata mtu wa kushika taa, kila mtu anatafuta bodaboda yake, na sisi wa Moshi tumelala stendi tukisubiri gari la asubuhi. Watu ambao tumesali rozari pamoja kila siku, tumegawana hadi kipande cha gonja, ile ndizi ya kuchoma ya Uganda, pale Najjembe kwenye msitu wa Mabira, tumeachana bila kuagana vizuri.

Na ukifika nyumbani ndo kabisa. Saa kumi alfajiri macho haya hapa, mwili unadai kuondoka, unazunguka uani mpaka majirani wanadhani una jambo. Kitanda kinakuwa laini mno. Watu wanakuja, karibu wote wana maswali mawili, umeniletea maji na mlitembea kweli au mlikuwa mnadandia malori, wakishajibiwa wanahamia kwenye bei ya mahindi. Nilikuwa nafokea watoto kwa vitu vidogo hadi mama watoto akaniuliza huko nilienda kusali au kugombana. Nimeongea na wenzangu wengi wa kundi letu na wengi wamepitia hivyo hivyo, ila hakuna anayesema maana ukisema utaonekana hija haikukuingia.

Zamani hii shida haikuwepo kwa sababu rahisi tu, hakukuwa na mabasi. Aliyeenda hija kwa miguu alirudi kwa miguu, kwa hiyo alikuwa na njia nzima ya kutafakari alichokiona. Hata wale wa Hispania wanaotembea kwenda kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo, Santiago de Compostela, wakishafika wapo wanaoendelea kama kilomita 90 mpaka Finisterre, baharini, wanatembea taratibu bila presha ya kuwahi kitu. Na mashahidi wenyewe ukisoma habari zao, walitembezwa kutoka Munyonyo, kule walikohukumiwa, wakafika Namugongo tarehe 27 Mei, wakakaa pale wiki nzima wamefungwa wakisali pamoja wakati kuni zinakusanywa. Sisi tunapewa masaa.

Ninachoomba kwa waratibu wa Arusha na Moshi sio kurudi kwa miguu, nani atatupa likizo hiyo. Tubaki siku tatu nne baada ya sikukuu. Tarehe 4 umati unaondoka, Namugongo panatulia, vyumba vya kulala vinaanza kupatikana, mtu anaweza kwenda Munyonyo akaona ile njia ilipoanzia, anaweza kulala tu mchana kutwa akitaka. Halafu basi likitoka lilale Nairobi. Na paroko aliyetuaga atupokee, hata misa ya kawaida ya jioni inatosha, matarumbeta yabaki nyumbani.

Najua jibu litakuwa hela. Mhariri, kundi letu kila mtu alichangia fulana mbili, moja ya kutembelea na moja ya kuvaa siku ya sikukuu, zimechapishwa picha mbele na nyuma, na kofia juu. Yangu ya sikukuu nimeivaa mara moja tu na sa hivi inafutia vumbi pikipiki. Tuchange fulana moja, hela ya ile nyingine ndo mwanzo wa hela ya kulala Nairobi. Anayewahi kazini au mwenye mtoto mdogo aondoke na basi la kwanza, hakuna atakaemshika, ila isiwe ndo ratiba ya wote.

Vikao vya hija ya mwakani huwa vinaanza kabla ya Krismasi na ajenda ya kwanza siku zote ni rangi ya fulana. Naomba safari hii ianze na tarehe ya kurudi, na yule mama wa sindano awepo kwenye kikao maana yeye ndo anajua miguu ya watu huwa inafika pale ikiwa na hali gani.

Ni mimi msomaji wako,
Hujaji wa Majengo, Moshi