Leseni ya udalali ianzie kwenye pesa ya mteja

Mhariri,

Kila dalali wa nyumba anapotoroka na arubuni ya mtu, yaani pesa anayotanguliza mnunuzi, dawa inayotajwa ni ileile: madalali warudishwe darasani. Mimi ni dalali mwenye leseni, na darasani nilikaa. Nilijifunza aina za umiliki, nikapiga hesabu za kamisheni hadi nikaziota, nikaanguka mtihani wa kwanza kwa kiburi changu na kufaulu wa pili. Siyabezi masomo hayo. Nauliza tu: huyu anayetoroka na arubuni, ni somo gani lililompita?

Tazama Marekani, ambako kila jimbo hutoa leseni yake. California, iliyotunga sheria ya namna hii kabla ya wenzake mwaka 1917, inamtaka anayeanza asome saa 135 ndipo aingie kwenye mtihani. Texas inataka saa 180. Florida inaridhika na saa 63. Sijamsikia mtu akidai kwamba dalali wa Texas ni mwaminifu karibu mara tatu ya mwenzake wa Florida. Kinga ya mteja katika leseni hizo naiona penginepo, na haizungumzwi sana: anayeanza haruhusiwi kujitegemea. Hufanya kazi chini ya dalali mkuu mwenye leseni ya juu zaidi, na hata kamisheni yake hupitia kwa mkubwa huyo. Kijana akiharibu, kuna mtu mzima wa kuulizwa.

Uingereza wamekwenda njia nyingine kabisa. Huko mtu anaweza kufungua ofisi ya kuuza nyumba bila kufanya mtihani wowote. Lakini sheria yao ya mwaka 1979 inasema arubuni anayopokea dalali si mali yake. Anaishika kwa amana, na lazima iingie kwenye akaunti ya wateja, mbali na pesa za ofisi. Asiyefaa anaweza kupigwa marufuku. Mlango wameuacha wazi, sanduku wamelifunga. Mimi ningefunga vyote viwili, ila ningeanza na sanduku.

Singapore, kwa sheria ya mwaka 2010, iliweka mtihani na daftari la madalali ambalo mwananchi yeyote anaweza kulikagua kabla hajaongozana na mtu kwenda kuona nyumba. Kisha ikamkataza dalali kushika pesa za mauzo ya nyumba, na hata kodi na amana za upangaji wa nyumba za umma. Hawezi kutoroka na kitu ambacho hakijafika mkononi mwake.

Nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyeonja. Ofisi ya kwanza iliyonipokea ilikuwa na leseni halali, imewekwa kwenye fremu ukutani, mteja akiingia tu anaiona. Mauzo ya nyumba moja yakavunjika, na mama aliyekuwa akinunua akaja kudai arubuni yake. Akaambiwa arudi kesho. Akarudi kesho, na keshokutwa, na juma lililofuata, mpaka ukweli ukatoka: pesa yake ilikuwa imelipa mishahara. Wangu ukiwemo. Alilipwa baadaye, kidogo kidogo, kama vile yeye ndiye aliyekuja kukopa. Hakuna aliyevunja fremu ile, wala sijui kama kuna mkaguzi aliyewahi kuuliza pesa za wateja zilikuwa zinalala wapi.

Kwa hiyo wanaotaka kuongeza saa za masomo waziongeze, sina ugomvi nao. Lakini leseni isitoke kabla ofisi haijaonyesha akaunti ya wateja iliyo peke yake, akaunti hiyo ikaguliwe bila taarifa, na majina ya waliofungiwa yawekwe mahali ambapo mnunuzi atayaona bila kumwomba mtu. Maswali ya vipimo vya viwanja yanaweza kusubiri.

Na wewe kijana unayejiandaa kwa mtihani, siku utakapokwenda kutafuta ofisi ya kukupokea, usianze na swali la kamisheni. Uliza arubuni za wateja zinawekwa akaunti gani na nani anatia saini. Mwenye ofisi akianza kujiumauma, aga kwa heshima uende ofisi ya pili.

Dalali mwenye leseni