Shukrani zetu kwa wote mlotusitiri kwenye msiba wa baba

Assalaamu alaykum. Sisi watoto, mama zetu na ukoo mzima tunasema ahsanteni sana, na kwa kweli hatujui tuanzie kwa nani. Kinamama mlopika toka usiku ule, vijana wa maturubai na viti, ndugu wa Unguja mlopanda boti mpaka Mkoani mkaunganisha gari hadi Wete, na nyie wa Muscat na London mloanza kuchanga kwenye grupu la wasap hata hatujasema tuna shida gani, Mungu awalipe.

Wengi mnamjua baba kwa siasa. Aliingia Baraza la Wawakilishi 1995, uchaguzi ule wa mwanzo wa vyama vingi, kwa CUF, na miaka ile mnaikumbuka wenyewe hapa Pemba, CUF na CCM hata dukani kwa mwenziwe mtu haendi, hata maiti watu walikuwa hawazikani. Baba hilo alilikataa, akisikia kuna msiba anakwenda tu, awe wa chama gani, na wenzake wakamnunia sana jamani, kuna walomwita msaliti. Ndo mana siku ya mazishi tulipomuona mzee wetu wa CCM alogombea nae jimbo mara tatu anashuka kaburini na kaka yetu, wanampokea baba na kumlaza kwenye mwanandani, tulishindwa kujizuia. Mzee, wewe tunakushukuru peke yako.

Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walipokutana Novemba 2009, halafu hoja ya serikali ya umoja ikafika Barazani Januari 2010, baba alikuwa hashikiki kwa furaha, na kura ya maoni ya 31 Julai ilipotoka asilimia 66 wamesema ndiyo akachinja mbuzi akawaita watu wa pande zote, mbuzi mwenyewe kumbe kakopa! Mambo ya 2015, uchaguzi kufutwa na marudio ya 2016 chama chake kususia, hakuyazungumza sana, alirudi shamba kwenye mikarafuu yake.

Sasa ndugu zetu, mwenye kumdai baba chochote aje kwa kaka mkubwa, asione haya, hata iwe ya mbuzi. Na tumeukuta mkoba wake mweusi umejaa barua zenu, za kisima, za ada za watoto, za kusaidiwa kwenda kutibiwa Bara, nyengine za 2004, kila moja ameiandika pembeni kwa peni nyekundu "bado". Mwenye yake aje aichukue, zile za kisima tutampelekea Mwakilishi wa sasa.

Tulowasahau mtusamehe. Hitma Ijumaa hii baada ya Alasiri, wanaume msikitini, wanawake nyumbani kwa bibi, na chakula kipo.