Kaka, ile bia uliyoitema baba yako aliimaliza

Kaka, salamu sana. Naandika huku hadharani kwa sababu WhatsApp umenibloku, simu yangu hupokei, na ile meseji niliyompa wifi akufikishie ama ilifia njiani ama ilifika ukanyamaza, sijui. Kwaiyo watu watasoma, na wasome tu. We mwenyewe ulitema mbele za watu.

Najua ukiona hilo neno ushakunja uso. Tulia kwanza, nianze mbali.

Ulivoniachia lile begi mwezi wa sita nilifurahi mpaka nikalala nalo chumbani. Kopo la sirapu ya kimea kilo moja na nusu, mfuko wa shayiri iliyopondwa, zile hopsi, maua ya kutia bia uchungu na harufu, kwenye pakti la fedha, hamira gramu 11, kipimajoto, na ile haidromita ya kioo, ya kupimia sukari iliyobaki kwenye bia, umeifunga kwenye soksi zako. Ukasema dada, kuna wanaopika bia kwa kufungua kopo tu, na kuna wanaoanza na nafaka tupu, we nakuanzishia katikati, mashi nusu, sukari nyingine itoke kwenye nafaka utakazoloweka mwenyewe na nyingine itoke kwenye kopo. Ukasema kopo tupu ningeona unanidharau. Kweli ningeona hivo, unanijua.

Afu ukaondoka zako Minnesota. Tanga waja leo waondoka leo, na hata waliozaliwa hapahapa nao wameiga.

Voisi noti yako ya dakika 11 kuhusu vimeng'enya niliisikiliza huku nacheka peke yangu. Yani unanieleza kwamba ndani ya kimea kuna vitu vinavokata wanga kuwa sukari ila vinataka joto lake, likizidi vinakufa, likipungua vinalala. Kaka, si togwa hiyo? Bibi alikuwa anapika uji wa mahindi, anauacha upoe mpaka kidole kivumilie, anatia kimea cha ulezi, ukirudi uji mzito umekuwa mwepesi na mtamu na hakuna aliyeweka sukari. Tulipigania kata mimi na wewe mpaka ukanipasua mdomo, kovu ninalo. Nilichokuwa sina ni namba tu. Ukanipa namba, nyuzi 67.

Nikasubiri mpaka Desemba nipate nafasi, Jumamosi. Jiko la gesi uani, sufuria ile ya pilau. Maji lita 6 nikayapandisha hadi 74 kwa sababu ulisema nafaka baridi zitayashusha. Shayiri kilo moja na gramu mia nane, na ile nyekundu ya kukaanga gramu 250, nikazitia kwenye mfuko nilioushona kwa pazia la shashi, nikazamisha, nikakoroga taratibu visiwepo vidonge vya unga mkavu katikati, nikapima. 67! Nikafunika na blanketi la mtoto nikakaa kwenye kigoda kama nalinda maiti. Baada ya nusu saa ikawa 64, nikawasha moto mdogo, nikageuka nyuma kufukuza kuku tu, narudi naona 70, nikazima mbio moyo unanienda. Saa ilivotimia nikafanya ile ya iodini, tone la maji ya shayiri kwenye sahani nyeupe, tone la dawa ya kidonda juu yake. Likigeuka jeusi wanga bado upo. Halikugeuka, lilibaki rangi yake ya chai. Nikapiga kigelegele, jirani akauliza kwa ukuta nani kajifungua.

Nikaunyanyua mfuko, nikasuuza machicha na lita 4 za maji ya 76, machicha wakala kuku wa baba yako. Nikazima moto kabla ya kumimina kopo lisije likagandia chini likaungua, hilo ulinisisitiza na nililishika. Nikachemsha saa nzima, hopsi nusu mwanzoni za kuleta uchungu, nusu mwishoni za harufu, na ulisahau kuniambia kwamba hopsi za kwanza zikiingia povu linapanda kama maziwa, likazima jiko likamwagika hadi kwenye ndala. Lakini ile harufu, kaka. Ndimu na majani makavu na mkate kwa pamoja. Baba yako alikuwa anapita na baiskeli akasimama nje ya geti akauliza we mtoto unapika nini, nikamwambia mambo ya mwanao.

Mpaka hapo niambie nilikosea wapi.

Kilichofuata kwenye karatasi yako umeandika mstari mmoja tu, "poza haraka hadi 20 kwa maji ya bomba." Kaka. Maji ya bomba ya Tanga mwezi wa kumi na mbili! We umezaliwa Chumbageni, umeogea bomba hilohilo miaka ishirini na kitu, maji yanatoka tayari ya kumuogeshea mtoto mchanga. Nikampa bodaboda akanunue barafu Deep Sea, akaleta nusu gunia inanuka vibua, nikaizungushia sufuria kwa nje kwenye beseni, nakoroga maji ya beseni, barafu inayeyuka naiona. Nikamimina kwenye ndoo, nikaongeza maji niliyoyachemsha na kuyalaza jana yake, ikafika lita 19, haidromita ikasoma 1.046 kama ulivotabiri. Kipimajoto kikasoma 32. Kikagoma hapo. Barafu imeisha, giza limeingia, mbu wananila. Nikakuandikia, "Ipo 32 nitie hamira?"

Ukanijibu kwa kidole gumba.

Hicho kidole nimekipiga skrinishoti ninacho. Sikusingizii. Inawezekana ulikuwa kazini, inawezekana ulidhani nimeandika 22, sikatai, lakini mimi mtu niliyekaa na sufuria toka asubuhi nikiona gumba la mtu aliyepika bia miaka minane natia hamira. Nikatia. Asubuhi kale kamdomo ka kutolea hewa kanapiga kama pikipiki inayokataa kuwaka, chumba kina 31, na ndani ya ndoo lazima ilikuwa zaidi kwa sababu nayo inajipasha ikichacha. Siku ya tatu kimya. Siku ya sita nikakutumia namba, 1.012, ukasema safi sana dada, asilimia nne na nusu hiyo, gonga vizibo. Nikatia sukari gramu 115 ya kuleta gesi, nikagonga vizibo, chupa 34. Tatu zililipuka stoo kabla hujafika.

Kwa hiyo we unayesoma uko pwani na una hamu ya kujaribu, ndugu yangu, usisikilize watu wenye chumba cha chini ya nyumba chenye nyuzi 18 mwaka mzima bila kulipia. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ivalishe khanga iliyolowa, pindo lake liwe ndani ya maji, elekeza feni, na gandisha chupa za maji friza uwe unazibadilisha kwenye beseni asubuhi na jioni, siku tatu nne za mwanzo hasa, ndo ladha inapotengenezwa. Hamira ikichachia kwenye joto kali inatoa pombe zile nzito za kukwaruza koo na harufu ya ndizi iliyoiva kupita na ya spiriti. Mimi hayo nimekuja kuyajua baadae kwa kusoma mwenyewe, na khanga ninazo, friza ninayo, feni ninayo. Ningeambiwa ningefanya. Sikuambiwa. Niliambiwa habari za Rais Carter kusaini sheria 1978 ndo Wamarekani wakaruhusiwa kupika bia majumbani, hilo ulinieleza dakika nzima.

Sasa ile siku.

Kesho yake baada ya harusi ya mdogo wako, baraza limejaa, wanaume wa upande wa bwana harusi wapo, baba yako kwenye kiti chake cha kamba, wanawake wanaosha masufuria. Mimi nimetoka ndani na sinia, glasi sita. Nimevaa ile dera ya kijani. Ukachukua ya kwanza. Ukaiinua juani ukaitazama kama fundi saa, nikajisikia vizuri, nikasema kaka leo ataniheshimu. Ukanusa. Ukapiga funda. Ukaligeuza mdomoni, afu ukageuza shingo ukatema pale chini ya mwarobaini, tena sio kutema kwa siri, ulitema kama mtu anasukutua, ukafuta mdomo ukasema hii wapewe akina dada wa saluni watolee rangi ya kucha.

Wakacheka. Mama yako alicheka. Wakwe, watu wana siku moja toka tumefahamiana, wakacheka. Na mimi nimeshika sinia lenye glasi tano, nashindwa niende mbele au nirudi ndani, maana nikienda mbele namgawia nani, na nikirudi ndani nitapita katikati ya wale wanawake wote. Hicho ndo sijakusamehe kaka. Ladha ulikuwa sahihi, ilikuwa mbaya, mimi mwenyewe nilishaonja jana yake nikajua. Lakini ungemeza. Mangapi mabaya tumeyameza kwenye misiba na harusi za ukoo huu, ile pilau ya shangazi ya mwaka ule si tulimeza?

We ulishaondoka kwenda kupokea simu ndo baba yako akaniita na mkono. Hukuona hili na hujawahi kuuliza. Akachukua glasi, akaomba limau na barafu, akakamulia, akanywa yote. Akachukua na yako uliyoiacha, akanywa. Wakwe kimya. Akasema, "Yule baiskeli yake ya kwanza aliiingiza baharini Raskazone siku ileile, nani alimtemea?"

Basi akawa mteja. Ijumaa Ijumaa anakuja na baiskeli, limau lake mfukoni, anachukua mbili, anarudisha zile za wiki iliyopita ameziosha. Hakuwahi kusema nzuri. Kuna siku alisema inakaa kichwani kama kofia ya kuazima, sijui ndo sifa au lawama.

Na nyie wengine mnaosoma mnaweza kuishia hapa, yanayofuata ni ya nyumbani.

Baba yako alivofariki, wakati wa masika, najua kwanini hukuja. Makaratasi yako yalikuwa hayajakaa sawa na ukitoka hurudi, nilijua hata kabla hujasema. Ulituma hela, jeneza na chakula vyote ni hela yako, mbele ya ukoo nalisema hilo. Ila nilikuwa sijalala siku tatu, nimemshikia kichwa hospitali, nimesimama mlango wa mochwari, na wewe ukaandika kwenye grupu la familia mnaendeleaje huko, na mimi nikajibu, "Bia ulitema, sasa na baba umemtema."

Watu 43 kwenye lile grupu.

Nimelifuta baada ya saa moja lakini ushalisoma. Usiku ule ukatoka grupu. Na nimejaribu kujitetea kwa kila njia, uchovu, uchungu, kwamba na wewe ulianza, kwamba ulinifedhehesha mbele ya watu thelathini na mimi nikakulipa mbele ya arobaini na tatu, na nikishahesabu hivo naona nimezidisha kumi na tatu. We ungekuwa mimi ungeandika nini? Labda usingeandika. Labda ndo tofauti yetu, we unatema kilichopo mdomoni, mimi nakiweka kichache mpaka kilipuke.

Mama yako haulizi. Arobaini ilivoisha tulisafisha chumba, tukakuta chupa tatu tupu zimeoshwa zimepangwa dirishani mdomo chini, na moja kamili haijafunguliwa. Ipo kwenye friji yangu, nyuma kabisa, nimeifunga taulo. Watoto wanadhani naiweka kama kumbukumbu. Naogopa tu itapasuka.

Nimepika tena mwezi wa saba, hali ya hewa imepoa kidogo. Shayiri nimeagiza kwa mtu Dar kwa bei ya wizi. Khanga, beseni, chupa za barafu, ndoo ikakaa 22 hadi 24 wiki nzima. Nimeigonga vizibo juzi. Sikuambii ladha yake, ukitaka kujua ladha unajua nyumba ilipo, na mti wa kutemea bado upo, hatujaukata.

Kuna kitu kimoja kimebaki na nimekizungukia toka mwanzo wa barua. Ile haidromita. Ilivunjika palepale jikoni siku ya kwanza, nimeshapima 1.046, naisuuza ikanitoka mkononi. Ile 1.012 niliyokutumia siku ya sita sikuipima popote. Niliinakili kwenye karatasi yako mwenyewe, pale ulipoandika itakapoishia, na ndo ukaniambia gonga vizibo.

Ukija njoo na nyingine. Hela yake nitakurudishia.